Jinsi ya kutumia kitenzi "put" pamoja na vielezi na vihusishi

Mwongozo huu ni wa mtahiniwa anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wa karani anayeandika barua pepe za Kiingereza kila siku, na wa yeyote anayepokea simu za wateja wa ng'ambo. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE ina sehemu ya sarufi yenye alama 15, na humo hupatikana maswali ya kubadilisha neno lililopigiwa mstari kwa kitenzi cha maneno mawili au matatu. Nimechukua kitenzi kimoja tu makusudi. Zile orodha za vitenzi mia mbili zinazouzwa kwenye vijitabu vya marudio hazimsaidii mtu, kwa sababu zinatoa maana bila kuonyesha maneno yanavyopangwa. Ukiielewa tabia ya "put", vitenzi kama "take", "bring" na "turn" havitakusumbua sana.

Hatua ya 1: Taja mahali

Kwa Kiswahili unasema "Umeweka sukari?" na sentensi imekamilika. "Put" haikubali hivyo. Inadai mambo mawili baada yake: kitu kinachowekwa, na mahali kinapowekwa. "Did you put sugar?" utaisikia kwenye vibanda vya chai kuanzia Gikomba hadi Kawangware, na kila mtu anaelewa, lakini katika Kiingereza sanifu sentensi hiyo imekatwa mkia. Sema "Did you put sugar in the tea?" au "Did you put sugar in it?"

Mahali panaweza kuwa kirai kihusishi, kama "under the seat", au neno moja tu kama "here" au "outside". Angalia kihusishi unachochagua. Kiambishi chetu -ni hakisemi kama kitu kiko ndani, juu au kando; mazingira ndiyo yanayosema. Kiingereza kinakulazimisha uchague: mfukoni ni "in the pocket", mezani ni "on the table", na viatu ukiviacha mlangoni umeviweka "by the door".

Wakati uliopita "put" haibadiliki. "Putting" ina t mbili.

Hatua ya 2: Uliza "wapi?"

Neno kama "on" linaweza kuwa kihusishi au kielezi, na lazima ujue ni lipi kabla ya kuendelea. Chukua "She put the coat on the chair" na "She put the coat on". Uliza: aliweka koti wapi? Sentensi ya kwanza ina jibu, "on the chair". "On" imeshikana na kiti, kwa hiyo ni kihusishi. Ya pili haina kiti wala mahali popote panapotajwa. "On" imeshikana na "put", na yote mawili kwa pamoja ni kuvaa. Hicho ni kielezi.

Jaribu tena na "They put off the meeting". Waliuweka mkutano wapi? "Off the meeting" si mahali. Mkutano wenyewe ndio ulioahirishwa, kwa hiyo "off" ni kielezi.

Sikio nalo husaidia. Kielezi hutamkwa kwa mkazo: "put it ON". Kihusishi hupitwa haraka na mkazo ukaangukia nomino: "put it on the CHAIR". Zisome kwa sauti.

Maana za vielezi vyenyewe zimo kwenye kamusi, lakini hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi: "put away" ni kuhifadhi kitu mahali pake, "put back" ni kukirudisha kilikotoka, "put out" ni kuzima moto au kutoa taarifa, "put up" ni kusimamisha hema, kubandika tangazo au kumlaza mgeni kwako, "put in" ni kufunga kifaa au kuwasilisha ombi, "put through" ni kumuunganisha mtu kwa simu.

Hatua ya 3: Panga shamirisho

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa.

Kiswahili huingiza kiambishi cha shamirisho, yaani kinachotendwa, ndani ya kitenzi: "waliuahirisha". Hakuna la kupanga. Kiingereza kina nafasi mbili, moja kati ya "put" na kielezi, nyingine baada ya kielezi, na si kila shamirisho linaruhusiwa kukaa kote.

Nomino fupi hukaa kokote. "They put off the meeting" na "They put the meeting off" zote ni sahihi.

Kiwakilishi hukaa katikati tu. "They put it off" ni sahihi. "They put off it" ni kosa popote utakapoiandika, na vivyo hivyo kwa "them", "him", "her", "me" na "us". Sababu ni kwamba mwisho wa sentensi ya Kiingereza kwa kawaida huachiwa habari mpya yenye mkazo, ilhali "it" ni jambo ambalo msikilizaji analijua tayari.

Nomino ndefu hukaa mwishoni: "They put off the meeting with the parents of the Form Four candidates." Ukiitia katikati, msomaji anafika kwenye "off" akiwa ameshasahau "put". Kitenzi chenye -ing hufuata mkondo huo huo: "He put off going to the dentist."

Sasa tahadhari, na ni nyingi.

Kanuni ya kiwakilishi ni ya vielezi peke yake. Kihusishi hutangulia kiwakilishi chake. Linganisha "The tea is ready, put sugar in it" na "The new sink is here, put it in". Katika ya kwanza "it" ni chai, yaani mahali. Katika ya pili "it" ni sinki, yaani kitu chenyewe kinachofungwa. Ukihamisha "it" umebadilisha habari yote.

"Off" hugeuka pia. "The smell put me off" maana yake harufu ilinikatisha hamu, na hapo "off" ni kielezi. Katika "The smell put me off fish", "off" imebeba samaki, kwa hiyo imekuwa kihusishi: "me" ni aliyekatishwa hamu, "fish" ni alichokatishwa hamu nacho. Usimwondoe "me". "The smell put off fish" inasema samaki ndio waliochukizwa.

Katika kauli ya kutendwa kielezi hakiachwi nyuma: "The meeting was put off until Friday." Wengi huandika "was put until Friday", na sentensi inaanguka. Iangalie pia hiyo "until". Ukiandika "was put off on Friday", umesema uamuzi wa kuahirisha ulifanywa Ijumaa, na mteja wako atakuja siku isiyofaa.

Kabla ya kukabidhi kazi, badilisha kila shamirisho kwa "it" au "them" na uisome upya.

Hatua ya 4: Maneno matatu

"Put up with", yaani kuvumilia, ina kielezi kisha kihusishi. Shamirisho huja mwishoni daima, hata likiwa kiwakilishi: "We put up with it." "Put in for", kuomba rasmi, ni vivyo hivyo: "She put in for a transfer." Ile ya "put down to" ina mashamirisho mawili: "They put the delay down to the rain", kwa maana kwamba wanaona mvua ndiyo iliyosababisha kuchelewa. Kwa kiwakilishi, "They put it down to the rain".

Hatua ya 5: Amevaa au anavaa?

Nairobi husemwa sana "He was putting on a blue jacket" ukiulizwa mtu alikuwa amevaa nini. Kiswahili chako kinatosha kukuongoza. "Alikuwa anavaa" ni "was putting on", mkono bado unaingia kwenye koti. "Alikuwa amevaa" ni "was wearing". Katika taarifa ya polisi au ripoti ya mlinzi, tofauti hiyo ina uzito.

Hatua ya 6: Daftari

Usiandike maana peke yake. Kwa kila kitenzi andika sentensi yako mwenyewe yenye kiwakilishi: "put it off", "put them away", "put up with her". Kamusi ninayoipendekeza ni ya Longman ya wanafunzi, kwa sababu ya alama moja ndogo: mshale wenye ncha mbili, ↔, kati ya shamirisho na kielezi. Ukiuona, nomino inaweza kubadilishana nafasi na kielezi. Kwenye "put up with" hutauona.