Somo: Petroli inapoingia kwenye oili ya mashine ya kukatia majani

Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji na inanuka petroli, usivute kamba. Wengi humwaga wakatia oili mpya, na baada ya siku chache mambo ni yale yale, kwa sababu tatizo liko kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Kwenye nyingi ya mashine hizi tangi liko juu ya kabureta, petroli hushuka yenyewe. Kinachoizuia ni sindano ndogo, ambayo boya huisukuma bakuli la chini ya kabureta likijaa. Sindano ikilika, au chembe ya mchanga ikikaa chini yake, petroli haikomi: hufurika bakuli, hupita kooni mwa kabureta, huingia silindani valvu ikiwa wazi, kisha hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Petroli ya chupa ya mashamba, isiyochujwa, ndiyo aghalabu huleta taka hizo.

1. Funga koki ya petroli. Kama haina, bana mpira wa petroli. Fanyia kazi nje, mbali na moto.

2. Chomoa plagi, vuta kamba polepole petroli itoke silindani. Pistoni haiwezi kugandamiza petroli. Ukilazimisha, konrodi, mkono unaoshika pistoni, hupinda. Usipime moto wa plagi hapo, itawaka.

3. Mwaga oili yote kwenye dumu. Msiimwage chini, hasa nyinyi wa maweweni: jiwe la matumbawe hupitisha kila kitu hadi visimani.

4. Fungua bakuli, chomoa pini, toa boya na sindano. Tikisa boya karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani, boya limetoboka. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, nunua nyingine, msasa hauisaidii. Inapokaa sindano safisha kwa pamba, kamwe si waya.

5. Jaribu kabla ya kufunga. Geuza kabureta juu chini, puliza kwenye mdomo wa petroli: pumzi isipite. Irudishe wima, boya lishuke: sasa ipite. Wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi kuuliza.

6. Tia oili SAE 30 au 10W-30. Nyingi huchukua lita 0.5 hadi 0.6, ila amini kijiti. Washa dakika kumi. Oili ikinuka tena petroli, ibadilishe.

Na kila ukimaliza kazi, funga koki.

Swali (Kiwengwa): Maalim, yetu ya hoteli ni ile ya kupanda na kukalia kama gari. Sindano mpya, na oili bado inapanda.

Jibu: Hiyo huenda ina pampu ya petroli inayosukumwa na upepo wa ndani ya injini. Ngozi yake ikichanika, petroli hurudi kwa mpira wa upepo hadi kwenye oili. Chomoa mpira huo. Mpira ukikutwa na petroli ndani, badilisha pampu.

Swali (Wete): Na ya kufyekea, tustroki (injini ya mipigo miwili)?

Jibu: Hiyo haina oili ya chini, ndugu yangu. Oili yake huchanganywa na petroli.

Swali (Chake Chake): Ya skuli tunailaza kusafisha kisu. Yaweza kuwa sababu?

Jibu: Naam, mkiilaza kabureta chini. Ilazeni kabureta na chujio la hewa vikitazama juu, koki imefungwa.