Somo: Kuendesha gari la 4x4 kwa kazi, na kibarua cha msimu wa mvua kisichokuharibia jina

Wakuu, salaam. Kila masika yakikaribia, vijana wa Arusha na Karatu huniuliza mambo mawili: namna ya kupita kwenye tope bila kunasa, na namna ya kuishi Aprili na Mei wageni wanapopungua. Nimeendesha wageni mbugani kwa muda mrefu, na nimeona maswali haya hayatengani. Dereva anayenasa mara nyingi ni dereva aliyechoka, na kinachomchosha ni kibarua alichokifanya usiku. Kwa hiyo nayafundisha pamoja.

Nazungumzia gari tulilolizoea huku kwetu, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita.

Hatua ya 1: Alfajiri, kabla ya kupiga starti

Pima oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki na ya klachi. Kisha lala chini ya gari na tochi. Tazama mabamba ya springi kama kuna lililokatika, bushi, shokamzoba, na upande wa ndani wa magurudumu kama kuna oili inayovuja. Kaza nati za magurudumu kwa mkono wako mwenyewe. Barabara ya kutoka Lodoare, lango la Ngorongoro, kwenda Naabi, lango la Serengeti, ina mawimbi ya changarawe yanayolegeza kila kilichofungwa, hata kama fundi alikikaza jana. Jaribu jeki, na pima upepo wa matairi yote, la akiba likiwemo.

Saa 11 alfajiri bosi amelala. Hakuna atakayejua kama ulilala chini ya gari au ulipitisha tu kitambaa kwenye kioo. Hapo ndipo ninapompima dereva, wala sijali ana miaka mingapi ya kazi.

Hatua ya 2: Funga loki ukiwa bado pakavu

Gia ndogo ina alama H2 (magurudumu mawili yanavuta), H4 (yote manne), N (huru) na L4 (yote manne, mwendo mdogo wenye nguvu nyingi). Wengi huivuta kwenda H4 wakadhani wamemaliza. Kama loki za magurudumu ya mbele, vile vifungo vya katikati ya gurudumu, ziko wazi, shafti ya mbele inazunguka bure na tairi halipati nguvu. Shuka, zungusha loki zote mbili hadi LOCK, kabla hujaona tope. Ukisubiri unase, utazitafuta loki hizo huku umepiga magoti kwenye matope.

H4 unaweza kuiingiza ukiwa kwenye mwendo mdogo, gari likiwa limenyooka. L4 inataka usimame kabisa na ukanyage klachi.

Ukirudi kwenye lami kavu, rudisha H2. Gari hili halina difu ya katikati, ile gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na kama yamefungwa pamoja, mzigo wote unaingia kwenye gia na shafti. Stelingi inakuwa nzito, gari linajivuta, na gharama ya gereji inakuja baadaye.

Hatua ya 3: Soma tope

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa ukanda wa magharibi wa Serengeti kuelekea Mto Grumeti, ukilowa unavimba na kuganda kwenye meno ya tairi mpaka tairi linakuwa kama kipara. Mchanga una tabia nyingine: unataka tairi pana, kwa hiyo punguza upepo, uupite taratibu, kisha ujaze tena kabla ya kukimbia. Dereva anayepunguza upepo kila mahali bila kutazama ardhi atachaniwa tairi na mawe.

Nje ya hifadhi, shuka utembee, chomeka fimbo upime kina. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka ovyo, na wanyama hawajui kwamba wewe ni dereva tu. Hapo simama, tazama gari lililotangulia lilivyopita, na wapi lilizama.

Chagua gia kabla ya kuingia. Mimi huingia na L4, gia ya pili, mafuta ya wastani yasiyopanda wala kushuka, na sibadilishi gia katikati. Tairi zikianza kuzunguka bure, ondoa mguu. Kila sekunde unayokanyaga unachimba kaburi la ekseli. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, ujaribu upande mwingine.

Hatua ya 4: Mteremko

Sakafu ya kreta ya Ngorongoro iko kama mita 600 chini ya ukingo. Ukishuka huko kwa kukanyaga breki muda wote, zitapata moto na zitakuacha. Weka L4, gia ya kwanza au ya pili, uiache injini ilizuie gari, breki uziguse tu. Usishuke na gia huru hata mara moja.

Hatua ya 5: Umenasa

Chimba mbele ya magurudumu kwa chepe, tandika mawe au matawi makavu. Jeki ndefu iwekee ubao mpana chini, la sivyo itazama yenyewe. Ukivutwa na gari jingine, funga kamba kwenye ndoano ya chesesi, na watu wote wasogee mbali. Kamba au mnyororo ukikatika unaua.

Hatua ya 6: Kibarua cha pembeni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo madereva wazuri wanapopotea.

Kutafuta kibarua si aibu. Wageni wakipungua posho inapungua, na ada za watoto hazisubiri Juni. Lakini vibarua havilingani. Ninachokipenda kuliko vyote ni kukaa gereji kama msaidizi wa fundi. Malipo ni madogo, ila ukishafungua difu mara moja utakuwa na sikio jingine barabarani. Cha pili ni kubeba mzigo wa wakulima, kama vitunguu vya Mang'ola, kwa gari ambalo mwenyewe amekukabidhi kwa kazi hiyo. Kule utajifunza mchanga na makorongo bila mgeni nyuma yako. Bodaboda inalipa, ila inakula usiku. Ukiifanya, iache kabisa siku mbili kabla ya safari.

Usiguse gari la bosi kwa kibarua chako, hata kwa kilomita tano za kumpeleka mgonjwa, bila kumpigia simu kwanza. Usinyonye dizeli. Najua wapo wanaosema mshahara ni mdogo kwa hiyo dizeli ni haki yao. Sikubaliani nao. Dai mshahara mbele ya bosi, kwa mdomo wako. Dizeli unayoinyonya usiku inaharibu jina la dereva atakayekuja baada yako pia, kwa sababu bosi aliyeibiwa hatamwamini mwingine.

Na mwambie bosi una kibarua gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukidai saa hizo kwa bosi kisha ukaziuza kwa mtu mwingine, mwili wako haujapumzika.

MASWALI YA WANACHAMA

Babati: Shikamoo mzee. Nina leseni ya daraja D. Naweza kuanza kubeba watalii?

Marahaba kijana. Daraja D ni la gari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo unahitaji daraja C. Mafunzo ya magari ya abiria yanatolewa NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Dar es Salaam, na vyuo vya ufundi vya VETA pia. Wakati unajiandaa, jifunze majina ya ndege na miti. Mgeni atakuuliza.

Narok: Habari ndugu. Huku kwetu Maasai Mara, Kenya, mito hujaa ghafla. Unavukaje?

Njema ndugu yangu. Kwanza subiri. Mafuriko ya ghafla mengi hupungua baada ya saa chache, na mgeni aliyechelewa chakula ni afadhali kuliko gari lililosombwa. Kama maji ni ya kasi au huoni chini, usiingie. Ukivuka, tumia L4, mwendo mdogo usiobadilika. Injini ikizimika majini, usipige starti tena: maji yakiwa ndani ya silinda, konrodi (vyuma vinavyoshika pistoni) zitapinda. Ukishatoka, kanyaga breki kidogokidogo zikauke, na jioni angalia oili ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ibadilishe.

Karatu: Mkuu, nalinda duka usiku. Jana saa 10 alfajiri nimeitwa deiwaka, kibarua cha siku moja, ya kushusha wageni kreta. Pesa nzuri. Ningekataa?

Ndiyo, ungekataa. Sema ukweli: "Nimekesha, nipe ya kesho." Anayetoa kazi atakukumbuka kwa jibu hilo. Kama ulikwenda na ukarudi salama, namshukuru Mungu, lakini usirudie.

Moshi: Kaka, mimi ni dada wa miaka 24. Nimeambiwa gari hili ni zito kwa mwanamke na kubadili tairi sitaweza.

Mdogo wangu, usiwasikilize. Nati haifunguki kwa misuli, inafunguka kwa urefu wa bomba unaloliongeza kwenye spana. Legeza nati kabla hujainua gari. Omba gereji ikuruhusu ubadilishe tairi kila siku kwa wiki nzima, kisha ukienda kwenye usaili sema wakupe tairi ubadilishe mbele yao.

Sumbawanga: Bosi ananituma njia ya milimani na matairi yameisha. Nikikataa atampa mwingine gari.

Piga picha matairi yote manne, mtumie kwenye simu kabla ya safari, na andika tarehe na hali ya matairi kwenye daftari la gari. Mwambie kwa heshima kwamba uko tayari kwenda yakibadilishwa hata mawili tu, nawe uyafunge nyuma. Akikataa hata hayo, mrudishie ufunguo mkononi, usimwachie mtu mwingine akupelekee.