Jengo liwe steringi: kuhariri upya filamu za zamani

Mwaka 2003 mtengenezaji filamu wa Marekani, Thom Andersen, alitoa filamu ya Los Angeles Plays Itself. Aliunganisha vipande vya filamu nyingi na kuonyesha jinsi Hollywood ilivyozoea kumpa adui nyumba nzuri ya usanifu wa kisasa. Nyumba ya Lovell, kazi ya msanifu majengo Richard Neutra ya mwaka 1929, ndani ya filamu ya L.A. Confidential ni makazi ya tajiri wa biashara ya ukahaba! Jengo lilionewa. Somo hili ni la kulirudishia haki yake: tunawakata waigizaji, tunabaki na jengo.

Hatua ya 1. Tazama filamu bila sauti. Hadithi ikinyamaza, utaanza kuona ngazi, baraza, kivuli cha zege ukutani. Andika dakika na sekunde kwenye daftari.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Tafuta mikia ya shoti, yaani mwanzo na mwisho wa kila kipande ambacho kamera imepiga bila kukatwa. Kabla mwigizaji hajaingia, na akishatoka, kamera hubaki kidogo kwenye mlango mtupu. Hizo ndizo sekunde zako. Ukipata dakika moja na nusu katika filamu nzima, shukuru. Usizivute kwa kupunguza mwendo: filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde, ukizivuta zinakwamakwama. Afadhali urudie shoti ileile mara tatu.

Hatua ya 3. Unganisha kwa mistari. Ngazi inayopanda kushoto ifuatwe na paa linalopanda kushoto, hata likiwa la filamu nyingine.

Muziki usiweke, naomba sana. Acha nyayo na upepo.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Niko Mafinga, filamu za namna hiyo sina.
Marahaba. Tafuta kanda za VHS za nyumbani. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na familia nyingi za huku zimepokea wageni stesheni ya Mbeya. Nyuma ya wageni kwenye kanda kuna jengo.

Naweza kupandisha mtandaoni?
Filamu ina mwenyewe. Omba ruhusa kwanza.

Mwalimu, kumkata bibi harusi kwenye kanda yake si kumdharau?
Swali zito, dada. Mimi nilimwendea shangazi na kanda yake kabla sijagusa kitu. Alikubali kwa sharti moja: shela lake libaki. Basi shoti inaanza ncha ya shela ikitoka mlangoni, kisha ngazi zinabaki peke yake, sekunde nne.