Paka ana sukari, figo nazo zimechoka: tunavyomtunza hapa Kampala

Nianze na hili manake wengi tunalikosea. Paka mwenye sukari na ugonjwa wa figo kwa pamoja, kitu cha kuogopa zaidi si ile sukari kuwa juu, ni sukari kushuka ghafla na paka kukataa kula. Ya juu itamkondesha polepole, utapigana nayo miezi na miezi, lakini ikishuka usiku mmoja tu inatosha. Kwa hiyo yote nitakayoandika hapa yanazunguka hapo hapo, ale kwanza, sindano baadaye.

Wetu anaitwa Waziri, ana miaka 13, jina alipewa na mama mkwe kwa sababu akifika mlangoni pa sebule anasimama kwanza, kama anangoja watu wainuke. Alianza kunywa maji ovyo, hata ya beseni la vyombo, mchanga wake tukawa tunabadilisha mara mbili kwa siku, na alikuwa anakula kama aliyetoka jela ila mgongo ukiugusa ni mifupa mitupu. Mimi nikasema minyoo. Nikanunua dawa ya minyoo mara mbili, hela ikaenda na maji.

Sasa shida ya haya magonjwa mawili ni kwamba yanafanana. Kiu na mkojo mwingi viko kote. Sukari ikipita kama 14 hadi 16 kwenye mashine yetu ya kupima sukari, inayosoma kwa mmol kwa lita, figo haziwezi tena kuirudisha kwenye damu, inatoka na mkojo na inavuta maji nyuma yake. Na figo zenyewe zikichoka hazikolezi mkojo, unatoka mweupe hauna hata harufu. Wa sukari mwanzoni anakula sana na bado anakonda, wa figo anachagua chagua, anatapika, mdomo unanuka. Mwenye yote mawili atakuchanganya tu, usikisie, mpeleke apimwe damu na mkojo siku moja: sukari, kreatinini (taka ambayo figo huitoa), fosforasi, potasiamu, na mkojo waangalie sukari, ketoni (sumu inayotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini), ulivyokolea na kama kuna bakteria, manake hawa wanapata maambukizi ya njia ya mkojo kirahisi mno. Presha pia, ya juu inaweza kumpofusha.

Ila jua kitu kimoja, paka akiogopa sukari inapanda yenyewe. Umembeba kwenye boksi juu ya boda kutoka Kireka, matarumbeta ya taxi masikioni, amefika anatetemeka, hapo hata paka mzima anaweza kusoma 16. Ndio maana kuna kipimo cha fruktosamini, kinaonyesha sukari ilivyokuwa wiki mbili tatu zilizopita, si ile dakika ya woga. Na kreatinini nayo ikiwa sawa usishangilie sana, huwa inapanda wakati sehemu kubwa ya figo, karibu robo tatu, imeshakufa.

Pa kwenda papo, Makerere chuo cha mifugo wana kliniki ya wanyama wadogo na kuna za binafsi mjini. Uliza bila aibu kama musawo, yaani daktari, ameshatibu paka wa sukari, manake wengi wetu huku tunawajua ma vet wa ng'ombe na kuku, ni wazuri lakini paka si ndama mdogo.

Haya, sindano ya insulini, dawa inayoshusha sukari. Ni mara mbili kwa siku, masaa 12 katikati, sisi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Paka wengi wanaanza na yuniti 1 hivi, ila dozi ni ya musawo, usichukue ya jirani. Na hapa tafadhali soma mara mbili: kuna insulini ya yuniti 100 kwa mililita, kama Lantus ya watu, na kuna ya yuniti 40 kwa mililita, kama Caninsulin ya wanyama, na kila moja ina sirinji yake. Ukivuta Lantus kwa sirinji ya 40, unampa mara mbili na nusu ya dozi. Kwenye duka la dawa wanakuuzia tu sirinji, hawajui ni ya paka, kwa hiyo wewe ndio uangalie namba kwenye kifuko. Tafuta zile ndogo za mililita 0.3 zenye alama za nusu yuniti.

Kuchoma kwenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiria. Anakula, wewe unachuchumaa nyuma yake, unainua ngozi ya ubavuni iwe kama hema dogo, sindano inaingia chini ya hema, unasukuma, umemaliza, yeye hata kichwa hajainua. Siku ya kwanza mimi nilitoboa hema upande wa pili, dawa yote ikaishia kwenye manyoya. Ikikutokea hivyo USIRUDIE. Hata kama huna uhakika imeingia au haikuingia, usirudie, ngoja mpaka dozi inayofuata. Umesahau kabisa? Pia usichome mbili kwa pamoja. Na jam ya Jinja Road ikikuchelewesha nusu saa hakuna neno.

Kabla ya sindano pima. Mashine ya sukari ya watu inafaa ingawa kwa paka inasoma chini kidogo ya ukweli. Damu inatoka pembeni ya sikio: soksi unatia mchele, unapasha, unaijaribu kwanza kwenye shavu lako, unaweka sikioni kama dakika moja mishipa ijae, unapaka vaselini kiduchu ili tone lisimame lisitambae kwenye manyoya, unatoboa, stripu inanyonya. Waziri mara ya kwanza alinichana mkono, sasa akisikia mlio wa mashine anakuja mwenyewe kwa sababu anajua kipande cha kuku kinafuata. Mwambie musawo akupe namba, chini ya hiyo huchomi, unampigia simu kwanza. Yetu ni 10. Hajala, au ametapika chakula? Pia simu kwanza.

Alafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: figo ndizo zinasaidia kuondoa insulini mwilini. Zikizidi kuchoka, insulini inakaa zaidi, kwa hiyo dozi iliyomfaa mwezi wa kwanza inaweza kumzidi mwezi wa sita na wewe hujabadilisha chochote. Kwa hiyo namba zikianza kushuka shuka usifurahi ati anapona, piga simu.

Ikishuka utaiona. Anatembea kama aliyekunywa waragi, miguu inapishana, macho makubwa, analia ovyo au anajificha chini ya kitanda, mwisho anakakamaa na kutetemeka. Mashine ikisoma 3.3 kwenda chini usibishane nayo. Mpake asali au ile glukosi ya unga uliyolowesha maji kidogo, kwenye fizi kwa kidole, usimwage kooni kama hajitambui atapaliwa. Akizinduka mpe chakula, pima tena baada ya dakika 15, na muende kwa musawo hata kama anaonekana yuko sawa, manake insulini bado iko ndani inafanya kazi na sukari inaweza kushuka tena mkiwa mmelala. Sisi mtungi mdogo wa asali uko juu ya friji, mtu yeyote akiula ni kesi.

Sasa chakula, hapa ndio patamu. Siku ile musawo aliuliza, nyabo, huyu anakula nini? Nikasema mukene na posho, yaani ugali. Akacheka akasema, hapo sasa.

Posho ni wanga, inapandisha sukari, hiyo ni wazi. Mukene nao ni dagaa mzima na mifupa yake, na mifupa ni fosforasi, na fosforasi ndiyo figo mbovu haiwezi kuitoa. Yaani sahani ile ile tuliyomlea nayo miaka yote ilikuwa inampiga pande zote mbili. Na ushauri unagongana: wa sukari anatakiwa protini nyingi wanga kidogo, wa figo chakula chake kimepunguzwa protini na fosforasi na mara nyingi kimeongezwa wanga. Musawo wetu alivyoamua, na wengi wanaamua hivyo, ni figo ziangaliwe kwanza kwenye sahani halafu sukari ifuatwe na insulini, kwa sababu insulini unaweza kuirekebisha lakini figo iliyokufa imekufa.

Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu ni chakula cha figo cha kopo, chenye unyevu, si zile punje kavu. Mjini kinapatikana sa ingine, sa ingine hakipo mwezi mzima, na bei yake unaweza kulisha familia rolex, ile chapati ya mayai, wiki nzima. Kisipokuwepo tunachukua kopo la kawaida la nyama iliyosagwa, lisilo na mchuzi mzito manake ule mchuzi ni wanga, na tunaongeza ute mweupe wa yai uliochemshwa, una protini na fosforasi yake ni ndogo. Kuna dawa ya kushika fosforasi inachanganywa na chakula, muulize musawo. Kupika nyumbani kila siku nyama tupu usifanye kienyeji, paka anahitaji taurini na kalsiamu kwa kipimo. Badilisha polepole, wiki mbili tatu, na ukiona anasusa kabisa chakula cha figo mpe anachokula. Nasema tena, paka anayekula kisicho bora ni afadhali kuliko anayeshinda njaa na sahani ya bei, siku chache tu bila kula ini linajaa mafuta na hiyo ni kesi nyingine mbaya. Waziri kuna jioni alikataa kila kitu nikamnyunyizia mukene wa unga, ncha ya kijiko tu, akala chote. Sijutii.

Maji weka kila kona. Pima kwa chupa ya nusu lita asubuhi, uone kimebaki nini kesho yake, wa kilo 4 akipita mililita 200 kwa siku ile si kiu ya kawaida. Uzito pia kila wiki, sisi tunamtia kwenye kikapu tunamning'iniza kwenye mizani ya ndoano ya jirani yetu Mama Hawa, anauza samaki, na yeye kila Jumamosi anauliza namkatia kilo ngapi.

Musawo akisema aongezewe maji chini ya ngozi, unaweza kujifunza kufanya nyumbani, ni drip ya Ringer's lactate, kiasi anapanga yeye, na paka mwenye ugonjwa wa moyo si wa kujaribu. Sisi tunaning'iniza mfuko kwenye nondo za dirisha, tumeupasha kwenye beseni la maji vuguvugu. Anaota nundu kama ngamia, halafu nundu inateremka mguuni, usishtuke. Duka moja la dawa lilinipa Dextrose 5% badala yake, muuzaji akasema ni drip tu zote sawa. Si sawa kabisa, ile ni sukari. Soma chupa.

Dawa za watu weka mbali. Panadol inaua paka, ibuprofeni na diklofenaki zinamaliza figo. Na akienda kwa vet mwingine kwa jambo lingine mwambie mapema ana sukari asimchome deksamethasoni, steroidi zinapandisha sukari vibaya. Shemeji aliyeko Marekani alinitumia habari za vidonge vya paka wa sukari, vipo kweli, Bexacat iliruhusiwa kule mwaka 2022, vinatoa sukari kupitia mkojo, lakini vinategemea figo na havifai kwa figo zilizoharibika sana, kwa paka wetu aliyezoea insulini musawo alikataa mara moja.

Stima ikikatika usihamishe insulini kwenye friza, ikiganda imekufa. Inataka kati ya 2 na 8. Usifungue friji ovyo, na ikipita masaa mengi iweke kwenye flaski ya chai na barafu iliyofungwa kitambaa, chupa isiguse barafu. Zaidi ya hapo tunatumia chungu cha udongo ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kivulini, ni afadhali kuliko kabati.

Ukinusa pumzi yake tamu kama matunda yaliyoiva sana au kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, anatapika, amelala hajali, hizo ni ketoni, usingoje asubuhi. Stripu za mkojo za ketoni ziko kwenye maduka ya dawa.

Mwezi wa nane tulikuwa na msiba Mbale, siku tatu. Nilimwachia kijana wa Mama Hawa, ana miaka 17, nilimfundisha wiki nzima kwa sirinji ya maji na chungwa, na kwenye friji nikabandika karatasi: hajala usichome, chini ya 10 usichome, namba ya musawo hii. Siku ya pili akanipigia saa moja na robo, shangazi, Waziri ana 8, sijachoma, amekula, sasa nifanye nini? Nikamwambia umeshafanya, mpigie musawo.