Mikanda ya viti vya nyuma kwenye Hiace ya kulala: mwongozo kwa walio ughaibuni wenye gari Mwanza

Ndugu wengi wanaoishi Uingereza, Ujerumani au Marekani na kuacha Hiace nyumbani Mwanza kwa ajili ya likizo hufuata njia moja. Gari linanunuliwa likiwa la mizigo, fundi seremala anatengeneza kitanda kinachokunjwa kuwa kiti, linafungwa jiko la gesi na tangi la maji, kisha familia nzima inapanda kuelekea Musoma kupitia Magu na Bunda, au Bukoba kwa kuvuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Mikanda ya waliokaa nyuma hukumbukwa mwishoni kabisa, na mara nyingi hukumbukwa kwa sababu mtoto aliyezoea kuifunga huko anakoishi ameiulizia. Hapo fundi anaishikiza kwa skrubu kwenye mbao ya kiti, na kila mtu anaridhika kwamba ipo.

Mkanda wa namna hiyo hauzuii kitu, na hesabu yake ni rahisi. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu wa kilo 75 anauvuta mkanda wake kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na mtoto wa kilo 30 anauvuta kwa zaidi ya kilo 400. Ndiyo maana Kanuni ya 14 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu sehemu mkanda unaposhikizwa kwenye bodi, inataka sehemu hizo katika magari madogo ya abiria zihimili nyutoni 13,500 (karibu uzito wa kilo 1,400) upande wa bega na nyingine 13,500 upande wa nyonga, kwa wakati mmoja, kwa kila kiti. Plaiwudi haiwezi kuhimili nguvu hiyo. Hata bati la sakafu ya gari peke yake haliwezi, kwa kuwa ni jembamba, na bolti yenye washa ndogo hulipasua na kutoka nalo. Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi kabla ya mengine yote ni hili: mkanda huu umeshikwa na chuma gani?

Jibu bora ni chuma alichokiandaa mtengenezaji wa gari. Kabla ya kumruhusu mtu yeyote kushika drili, agiza zulia na vifuniko vya plastiki vya kuta vitolewe, kisha sakafu na nguzo za pembeni zikaguliwe. Magari mengi ya mizigo yanayotumia bodi moja na yale ya abiria huwa na matundu yenye nyuzi za bolti yaliyozibwa kwa kizibo kidogo, na ukiyapata, nusu ya kazi imekwisha. Tahadhari ni moja: kwa kawaida matundu hayo huchongwa kwa kipimo cha inchi 7/16 chenye nyuzi 20 kwa inchi. Bolti za milimita zinazouzwa katika maduka ya vifaa hazifai hapo, kwani ya milimita 10 italegea na ya milimita 12 ikilazimishwa itaharibu nyuzi. Nunua mikanda na bolti zake pamoja huko uliko, na uzibebe kwenye begi. Hakikisha kila mkanda una lebo yenye herufi E na namba ndani ya duara, alama inayoonyesha kwamba umepimwa na kuidhinishwa. Mkanda usio na alama hiyo, na ule uliotolewa kwenye gari lililopata ajali, usinunuliwe hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, maana utepe uliokwisha kuvutwa na ajali huwa umerefuka na hauna tena uwezo wa kwanza.

Pasipo matundu ya kiwandani, itabidi kutoboa. Fundi alale kwanza chini ya gari na kuonyesha kwa chaki lilipo tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya na ekzosi, na tundu lipite mbali na vyote hivyo, karibu iwezekanavyo na boriti za chesisi. Chini ya sakafu, kila bolti ipite katika bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na upana wa kiganja cha mtu mzima, pembe zake zikiwa zimeviringwa ili zisilikate bati. Bolti iwe na alama 8.8, yaani daraja la uimara wake, kichwani. Kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na bamba lizungushiwe gundi ya kuzuia maji, kwa sababu gari linaloegeshwa miezi mingi karibu na ziwa hushika kutu mahali usipopaona. Mafundi wetu wa Nyakato na kwingineko ni hodari wa kuchomelea, na wengi watapendekeza kuchomelea nati moja kwa moja kwenye sakafu. Kataa kwa heshima. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma kilichotiwa ugumu, na nati iliyoshikwa na bati jembamba huondoka na kipande cha bati hilo.

Kuhusu kiti chenyewe, nina msimamo mmoja. Fremu ya kiti-kitanda iliyotengenezwa na fundi wa mtaani isibebe mkanda hata kidogo, hata ikionekana imara, kwa sababu kwenye ajali fremu hiyo italazimika kuhimili uzito wake yenyewe pamoja na wa abiria waliofungwa juu yake. Uingereza na Ujerumani zinauzwa fremu zilizopimwa pamoja na mikanda yake. Ni ghali, lakini kama tayari unatuma kontena, hiyo ndiyo mizigo inayostahili nafasi humo. Vinginevyo mikanda ishikizwe kwenye bodi ya gari: ncha mbili za chini sakafuni nyuma ya makalio ya abiria, na ncha ya juu kwenye nguzo ya pembeni. Hata hivyo, kiti nacho lazima kifungwe sakafuni kwa bolti na bamba zilezile, la sivyo kitamsukuma mtu kutoka nyuma.

Mkao wa mkanda una uzito sawa na uimara wake. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, kamwe isipite tumboni, na ikitazamwa kutoka ubavuni ishuke kwa mwinuko wa kati ya digrii 30 na 80 kutoka usawa wa sakafu. Ncha mbili za chini zisikaribiane chini ya milimita 350. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Kasha linalokunja mkanda lifungwe kwa mlalo ulioelekezwa na mtengenezaji, kwani likiinamishwa vibaya hujifunga muda wote au, mbaya zaidi, halijifungi kabisa. Pasipo nguzo ya kushika ncha ya juu, mkanda wa nyonga pekee unamfaa mtu mzima kuliko kukosa wote, lakini kiti cha kumwinua mtoto kinahitaji mkanda wa ncha tatu. Viti vinavyotazama ubavuni mwa gari visiwe na abiria gari likitembea. Mkanda uliotengenezwa kumzuia mtu anayetazama mbele haumlindi aliyekaa kiubavu.

Idadi ya mikanda ndiyo idadi ya abiria, na hapa ndipo penye ugumu kwetu. Ukifika Kirumba kumchukua shangazi, atakuja na wajukuu wawili, na atakuambia kwa upendo kwamba mdogo atampakata. Mtoto aliyepakatwa hatoki salama katika hesabu ile ya kilo 400, kwani hakuna mikono inayoweza kumshika. Mwambie mapema, kwa simu, siku kadhaa kabla ya safari: «Shangazi, gari lina nafasi sita, naomba tupange watakaokwenda.» Likisemwa mapema ni mpango wa safari, likisemwa mlangoni, watu wameshavaa, ni kumkosea heshima. Nchini Uingereza mtoto hutumia kiti chake hadi atimize miaka 12 au afikishe urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Kipimo hicho kifuateni Mwanza pia, na kiti hicho mje nacho.

Kwa kuwa kazi itafanyika ukiwa mbali, usilipe malipo ya mwisho kabla ya kupokea picha za kila bamba chini ya gari, futikamba ikiwa imewekwa pembeni na zulia likiwa bado halijarudishwa. Omba pia video fupi ya kila mkanda ukivutwa ghafla, uonekane ukijifunga. Kama gari limesajiliwa na kukatiwa bima ng'ambo, iarifu kampuni ya bima kuhusu viti na mikanda iliyoongezwa.

Mtungi wa gesi, madumu ya maji na jiko navyo vifungwe kwa mikanda ya chuma kwenye bodi, kwani vitu hivyo viko nyuma ya vichwa vya watu.

Kila mnaporudi likizo, vuteni kila mkanda mpaka mwisho wake mkitazama kingo kama zimechanika au zimefubaa kwa jua lililopenya dirishani. Uchafu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kamwe si kwa dawa ya kung'arisha nguo, inayokula nyuzi. Vifungio vyenye vumbi vipulizwe hewa, vifungwe na kufunguliwa mara kadhaa, na kile kinachosita kufunga au kufunguka kibadilishwe kabla ya kutoka mjini.