Jinsi ya kujua molekuli inatembea kawaida ama ina mambo yake

Haya, uko na video ya nukta zinazong'aa (kila nukta ni molekuli moja) zikizunguka juu ya kioo chini ya maikroskopu, na unataka kujua zinasambaa kawaida ama vipi. Kuangalia njia ilivyojipinda haisaidii, macho yanadanganya bana. Piga hesabu.

Chukua umbali toka pale molekuli ilipoanza, zidisha kwa wenyewe, tafuta wastani wa molekuli zote. Einstein alionyesha 1905 kwamba kwa mwendo wa kawaida huo wastani unapanda sawasawa na muda. Kwa hivyo ongeza muda mara 4: wastani nao ukipanda mara 4, ni kawaida. Hapo kipeo, yaani ile namba ya juu unayoipandishia muda, ni 1. Ukipanda mara 2 tu, kipeo chako ni 0.5 (4 kwa kipeo 0.5 ni 2), inajivuta. Mara 8 ni 1.5, hiyo inakimbia.

Zoeza mkono kwanza na shilingi tano, ile ya kifaru. Rusha mara mbili kwa kila hatua upate pande nne, tembeza kalamu kwenye karatasi ya miraba, fanya safari hata 50 (inachosha najua, shika watoto wa nyumbani wakusaidie). Hatua 4 wastani uwe karibu 4, hatua 16 karibu 16.

Sasa inayojivuta ni kama mzee anayekatiza vichochoro vya Mji wa Kale Mombasa, kila baraza anaitwa kahawa, hapa dakika mbili, pale mpaka adhana ya magharibi. Lakini shika hii vizuri: kusimama peke yake si tatizo, angekuwa anasimama dakika tano tano kila mahali angechelewa tu na kipeo kingebaki 1, kinachoharibu ni zile pumziko ndefu ndefu hadi wastani wa kungoja haukamatiki. Inayokimbia nayo inabanduka kwenye uso, inapita ndani ya maji, inatua mbali, kama umepanda tuktuk Marikiti ukashukia Kongowea.

Angalia pia programu yako ya kufuatilia nukta, kuna mahali unaweka umbali mkubwa kabisa ambao nukta inaruhusiwa kuruka toka picha moja hadi inayofuata. Mimi niliweka mdogo, miruko yote ikakatwa ikahesabiwa molekuli mpya, nikatangaza "kawaida" wiki nzima wallahi. Na kwa muda mfupi sana, makosa ya kupima mahali nukta ilipo yanafanya hata ya kawaida ionekane inajivuta, so anzia mbele kidogo.