Jinsi ya kushusha joto la oili kwenye GX100 iliyowekwa injini ya 1JZ (tulivyofanya hapa Mtwara)

Wakuu habari. Nimemaliza juzi kazi ya dogo mmoja hapa Mtwara, ana Toyota Mark II GX100, katoa injini yake ya 1G-FE kaweka 1JZ-GTE, na kwa kuwa watu kadhaa wameshaniuliza kitu kile kile naandika mara moja yaishe. Gari anazungusha koni (anaiserereshea kuzunguka koni kwa mchezo) kwenye yadi yenye sakafu ya zege, msimu wa korosho yadi inajaa malori, msimu ukiisha iko tupu na mwenyewe kamruhusu, geti linafungwa. Barabarani simsaidii mtu kukimbizana, hilo mniwie radhi.

Kwanza elewa joto linatoka wapi. 1G-FE ni lita 2 haina turbo, 1JZ ni lita 2.5 na turbo, kutoka kiwandani inatajwa nguvu farasi 280, na oili ndio inayopoza shafti ya turbo, inarushwa chini ya pistoni, inapita kwenye beringi zote, halafu inarudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) kukaa sekunde chache tu kabla haijavutwa tena. Sasa ongeza koni: uko gia ya pili, injini inazunguka mara elfu tano na kitu kwa dakika, spidi 60. Injini inatoa joto la mtu anayekimbia sana lakini upepo wa kupoza ni wa mtu anayeenda sokoni. Ndio maana gari hiyo hiyo ukiipeleka Lindi na kurudi haikuonyeshi shida yoyote, ila mizunguko sita ya koni oili inakuwa nyepesi kama maji.

Hatua ya 1: Pima, na uhakikishe kipimo chako kinasema kweli

Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili kwahiyo nitakaa sana, nivumilieni.

Geji ya maji haikwambii habari za oili. Maji yanaweza kukaa 90 vizuri kabisa huku oili iko 130. Unahitaji geji ya joto la oili na ya presha ya oili, zote mbili, ukiwa na hela ya moja tu anza na presha. Sensa ya joto mimi naiweka kwenye sahani ile inayokaa kati ya blok na filta, kwenye Toyota nyingi nyuzi za kufungia filta ni 3/4-16 (upana inchi 3/4, nyuzi 16 kwa inchi) na hii ni mojawapo. Kuna wanaoweka kwenye bolti ya kumwagia oili chini ya sampo, sipendi, inaning'inia chini, kwa matuta yetu na mawe ya njia za kwenda Msimbati itang'oka siku moja na oili yote itabaki njiani.

Dogo alikuwa nayo geji tayari. Ananiambia, "Fundi joto halina neno, mshale uko 95, ila presha ndio inaanguka." Na kweli, baridi presha nzuri, baada ya kuzungusha koni mara kadhaa, injini ikiwa mzunguko elfu nne kwa dakika, inasoma psi 30 (psi ni kipimo cha presha), wakati kanuni ya zamani ya mafundi ni angalau psi 10 kwa kila mzunguko elfu moja. Tukabadilisha oili, tukabadilisha filta, tukaweka geji nyingine ya presha, nilikuwa nimeshalegeza bolti za krosimemba (chuma cha chini kinachobeba injini) nishushe sampo niangalie pampu. Kilichonisimamisha ni harufu. Nilichomoa kijiti cha oili nikanusa, inanuka kuungua, na tone lililodondoka kidoleni nilishindwa kulivumilia hata kidogo. Oili ya 95 ni ya moto ndio, lakini hainuki vile.

Tukachomoa sensa. Nikachemsha maji kwenye sufuria, na sisi wa pwani tuna bahati hapo, tuko usawa wa bahari kwahiyo maji yakitokota ni nyuzi 100, huna haja ya kuhesabu kitu. Sensa imefungwa waya, ncha yake tu ndio ndani ya maji, isiguse kitako cha sufuria, multimita kwenye omu. Ikasoma omu 38, sawasawa na karatasi ya geji yake. Sensa nzima! Nikairudisha kwenye gari, nikapima kutoka bodi ya sensa mpaka hasi ya betri, panapotakiwa pasome karibu na sifuri. Ikasoma 15, ukitikisa 20.

Ile sensa ni ya waya mmoja, ethi yake (njia ya umeme kurudi hasi) inapita kwenye nyuzi zake yenyewe za kufungia. Aliyeifunga mwanzo alizungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi nne, na sahani yenyewe ni alumini yenye rangi, rangi ile haipitishi umeme. Sensa hizi omu zinashuka joto likipanda, kwahiyo ukiongeza omu 20 za ethi mbovu geji inadhani oili ni ya baridi. Yaani inadanganya upande wa hatari, inakwambia tulia wakati beringi zinaungua. Tulipopitisha waya wa ethi ukabanwa kwenye bodi ya sensa, mizunguko ile ile ikasoma 128.

Kwahiyo: nunua sensa ya waya mbili. Kama umekwama na ya waya mmoja usiweke tepu, weka gundi ya nyuzi kidogo na uongeze waya wa ethi wa pekee. Angalia pia aina ya nyuzi, 1/8 NPT (ya Kimarekani) na 1/8 BSPT (ya Kiingereza) zinafanana machoni, moja ina nyuzi 27 kwa inchi nyingine 28, inaingia raundi mbili vizuri halafu inakaza na baadae inavuja. Swichi ya presha ya Toyota ni BSPT, sensa nyingi za kununua ni NPT. Na ile tochi ya kupimia joto kwa mbali usiielekeze kwenye alumini inayong'aa, itasoma chini sana, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa kwanza.

Ukishapata namba ya kweli: 90 mpaka 110 ni pazuri, 120 na oili nzuri ya sintetiki unaendelea, 130 punguza mwendo urudi kupoza, na oili iliyofika huko ibadilishe.

Hatua ya 2: Oili

Hii gari tumeiweka 10W-40 ya sintetiki, lita zilizofungwa kutoka kwa wakala. Oili ya kupima kwenye pipa hapana, kwenye injini ya turbo hapana kabisa.

Hatua ya 3: Kula (rejeta ndogo ya kupoza oili), temostati na mipira ya kupitishia oili

Kula tumetumia ya safu 19. Chukua sahani yenye temostati inayofungua njia ya kula kwenye nyuzi joto 80 hivi, usisikilize anayesema huku kwetu joto haina haja. Oili ikikaa baridi muda wote maji na petroli vinabaki ndani yake, na unyevu wa pwani hii mnaujua. Kula lililotoka kwenye injini iliyokula beringi usilinunue hata kwa elfu kumi, vipande vya chuma havitoki mle ndani kwa kuosha.

Mipira unaweza kubaniwa na mafundi wa haidroliki wa magreda, wapo hapa mjini na kazi zao safi, ila soma maandishi ya ubavuni: mipira mingi ya haidroliki ya kawaida mwisho wake ni nyuzi 100, presha inabeba kabisa lakini joto ndio linaikausha. Omba ya joto kubwa, na ukishapewa pitisha kitambaa chenye petroli mpaka kitoke cheupe, ukataji unaacha unga wa mpira ndani.

Hatua ya 4: Njia ya hewa

Dogo alitaka kula likae mbele ya rejeta, mbele kuna intakula (ya kupoza hewa ya turbo) tayari. Nikakataa. Tumeliweka kona ya kushoto nyuma ya bampa, pale pa taa ya fogi, midomo ya mipira ikiangalia juu ili hewa isijifiche. Taa imetoka, tumekunja bati la alumini kama faneli kutoka kwenye tundu mpaka kwenye uso wa kula, pembeni kote sponji, maana hewa ikiona nafasi ya kupita pembeni itapita pembeni. Tundu la kuingilia halina haja ya kuwa kubwa kama kula, nusu inatosha, ila pa kutokea pawe pakubwa kuliko pa kuingilia. Tulikata plastiki ya matairi nyuma yake. Kabla ya kukata ilisoma 121, baada ya kukata 114, kula lile lile, siku ile ile. Kisha feni ndogo ya kondensa ya AC kwa nyuma, swichi ndani, kwa sababu ya ile mizunguko ya polepole.

Hatua ya 5: Kujaza

Jaza kula kwa mkono kabla ya kubana mpira wa mwisho. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) injini isiwake, piga stata kwa vipande vifupi mpaka presha ionekane, ndio urudishe fyuzi uwashe. Ikishapata moto temostati ikafungua, zima, subiri dakika tano, pima kijiti uongeze.

Jaribio msilifanye mwezi wa saba mkafurahi. Kusi ikivuma asubuhi hewa ni nyuzi 24, kaskazi mchana ni 32, na kila nyuzi ya hewa inaongeza karibu nyuzi moja kwenye oili. Sisi tulipata 114 kwenye hewa ya 26, kwahiyo nimemwambia kaskazi ikivuma ategemee 120, azungushe mizunguko mitano, mmoja wa kupoza, na baada ya siku ya kwanza ya joto akaze nipeli zote (maungio ya mipira) upya injini ikiwa baridi.